Haki ya Umeme Unaorudi Gridini

Nyumba yenye paneli za sola huzalisha umeme mwingi mchana, saa ambazo mara nyingi wenyewe wako kazini. Ziada huingia gridini na kuwatumikia majirani. Jua likizama, nyumba hiyohiyo huvuta umeme wa mitambo ya mbali. Je, mwenye paneli anastahili kulipwa nini?

Aristotle alitofautisha haki ya mabadilishano, ambamo kila mmoja hupata thamani ya alichotoa, na haki ya mgawanyo, inayohusu jinsi jamii inavyogawana faida na mizigo. Kwa haki ya kwanza, kulipa uniti kwa uniti kunaonekana sawa kabisa. Lakini uniti ya saa sita mchana, kila paa linapozalisha, haina thamani ya uniti ya saa mbili usiku. Tena nguzo, nyaya na mitambo inayongoja usiku ina gharama, na mwenye bili ya sifuri bado anaitegemea.

Haki ya pili ni ngumu zaidi, na Ujerumani inaionyesha vizuri. Sheria ya mwaka 2000 iliahidi kila uniti ya sola takriban senti 50 za yuro kwa miaka 20, zaidi ya mara tatu ya bei ya umeme wa majumbani wakati huo. Fedha zilitoka kwenye tozo iliyowekwa katika bili za wateja, ambayo iligharimia pia umeme wa upepo na wa biogesi. Viwanda vinavyotumia umeme mwingi vilipewa nafuu kubwa. Mwaka 2014 tozo ilifika senti 6.24 kwa uniti. Zaidi ya nusu ya kaya za Ujerumani zimepanga, na mpangaji asiye na paa alilipa kama wengine.

Utetezi wa sheria hiyo una uzito. Soko la Ujerumani lilichangia sana kushusha bei ya paneli duniani kote, hata maskini wa nchi nyingine wakanufaika. Hata hivyo, wema kwa walio mbali hauhalalishi kumbebesha mpangaji mzigo wa mwenye nyumba. Julai 2022 tozo iliondolewa na gharama zikahamia mfuko wa serikali. Ndivyo ilivyopasa tangu mwanzo, kwa kuwa kodi ya mapato huangalia uwezo wa mtu.

Siku hizi wapangaji wengi hufunga paneli ndogo kwenye baraza za ghorofani, na tangu 2024 sheria inawalinda dhidi ya mwenye nyumba anayekataa bila sababu ya msingi. Ziada yao nayo huingia gridini, ila kwa kawaida hawalipwi chochote.