Saratani ikishafika ubongoni, nani aamue?



Katika familia zetu limezoeleka jambo moja. Mtu akiugua maradhi mazito, daktari humwita pembeni mtoto mkubwa au shemeji, akamweleza. Hao wakishaelezwa hukaa kikao: mgonjwa apelekwe wapi, shamba lipi liuzwe, nani achangishe. Mwenye maradhi yake yuko kitandani, akili zake timamu, anaambiwa ni vidonda vya tumbo tu, utapona In-shaallah. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: Je, huo ni upole au ni dhulma?

Nina sababu ya kuuliza. Baba yangu mdogo alikuwa mkulima wa mpunga Ndundu, kando ya Mto Rufiji. Waliosafiri kwenda Lindi na Mtwara kabla ya mwaka 2003 wanaikumbuka Ndundu kwa kivuko chake. Mto ukifurika, watu walikwama pale, wagonjwa wakiwemo. Agosti 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, adha ile ikaisha. Kwa hiyo baba mdogo alipougua, miaka michache iliyopita, hakuzuiliwa na mto. Kilichomchelewesha ni kingine.

Ilianza alama nyeusi kwenye unyayo. Mwenyewe alidhani ni mwiba wa shambani ulioozea ndani. Ikawa kidonda. Kwenye zahanati moja akapewa dawa ya kusafishia, mganga akasema ametupiwa kitu, na kombe akanywa. Mwaka ukapita hivyo. Mtoki ukavimba, kisha kichwa kikaanza kumuuma mfululizo, akawa anatapika, na mkono wa kushoto ukalegea. Alipofikishwa Dar es Salaam vipimo vikaonesha ni saratani inayoitwa melanoma, nayo imeshasambaa hadi kwenye ubongo.

Melanoma ni saratani ya zile chembechembe zinazoipa ngozi rangi yake. Watu weupe huipata zaidi, na kwao jua lina mchango mkubwa. Kwetu sisi weusi ni nadra, lakini ikija hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, sehemu ambazo hatuzikagui. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Akakataa kukatwa kidole. Mwaka 1980 ikawa imefika ubongoni. Akaenda Ujerumani kwa daktari aliyekuwa na tiba zake mbadala, akakaa huko miezi kadhaa, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami akiwa na umri wa miaka 36. Fedha alikuwa nazo. Dawa ya kumsaidia ndiyo haikuwepo duniani.

Leo hali si ile. Kuanzia mwaka 2011 zilianza kuidhinishwa dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani yenyewe, na mwaka 2018 wanasayansi wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi ulioziwezesha. Rais mstaafu wa Marekani, Jimmy Carter, alitangaza Agosti 2015, akiwa na miaka 90, kwamba melanoma imeingia ubongoni mwake. Akapigwa mionzi, akapewa dawa mojawapo ya hizo, na Desemba mwaka huo huo akasema vipimo havioni tena saratani. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Tusijidanganye, dawa hizo huwasaidia baadhi, siyo wote. Lakini anayesema kuwa maradhi haya yakifika kichwani hakuna kitu tena, anasema jambo la zamani.

Tatizo ni bei. Marekani, dawa hiyo kwa mwaka mmoja inapita dola 100,000. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini kuwa kwenye orodha ni jambo moja, na mkulima wa Rufiji kuipata ni jambo jingine kabisa.

Sasa rudi kwenye kikao chetu, kilichofanyika Mbagala. Daktari wa hospitali moja jijini alikuwa ameongea na watoto wa kiume kwenye ukumbi, mgonjwa hakuambiwa kitu. Wakagawanyika. Wa kwanza akasema tuuze shamba la mikorosho, tukope na nyongeza, aende India, kwani watu watasemaje tukimwacha? Wa pili akasema ajali imeandikwa, tusimalize mali ya watoto kwa kitu kisichopona. Wa tatu akasema tumrudishe nyumbani tumsomee Yasin. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, ila hakuna aliyependekeza mgonjwa aulizwe.

Tuzipime hoja hizo. Anayesema ajali imeandikwa amesema kweli akaitumia pasipo pake. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tutafute dawa, akatufahamisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na Sayyidna Umar (R.A.) aliporudisha jeshi lisiingie Sham kwenye tauni, alieleza kuwa kuikwepa tauni nako ni kadari ya Allah. Ama "mali ya watoto", mali hiyo ni ipi? Katika sheria yetu hakuna mirathi ya mtu aliye hai. Shamba ni lake, na kujitibu kwa mali yake ni haki yake. Mrithi anayeupima uhai wa mzazi wake kwa ekari za mikorosho ajiangalie nafsi yake.

Lakini naye anayetaka India kwa kuogopa watu watasemaje, hajamtendea haki mgonjwa. Deni litakalokopwa kwa jina la marehemu mtarajiwa litalipwa kabla mirathi haijagawanywa, na nafsi ya Muislamu hufungika kwa deni lake. Je, yeye ameridhia kubebeshwa? Mwaka 2011 tulishuhudia maelfu wakimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, Waislamu wakiwa miongoni mwao, na wapo walioacha dawa zao kwa sababu hiyo. Hofu ya mauti humfanya mtu anunue chochote. Mara nyingi wanaonunua ni ndugu, ili watulie wao.

Waliosema afichwe asije akakata tamaa, nawakumbusha kisa cha Umar (R.A.) mwaka wa 23 Hijria, alipochomwa kisu akiswalisha Alfajiri. Akanyweshwa maziwa, yakatokea kwenye jeraha. Imepokewa kuwa tabibu alimwambia wazi ausie. Je, alivunjika moyo? Alimwagiza mwanawe ahesabu madeni yake yalipwe. Akatuma kwa Mama Aisha (R.A.) kuomba ruhusa azikwe pembeni ya Mtume (S.A.W.). Akateua watu sita wachague kiongozi baada yake. Lau wangemficha, mambo yote hayo yangekosa mwenyewe wa kuyasema.

Na si kisa tu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah Mei 1992, liliamua kuwa idhini ya mgonjwa aliye baleghe na mwenye akili timamu ni sharti la kutibiwa. Likasisitiza pia kuwa hata pale kupona kusipotarajiwa, kumpunguzia mgonjwa maumivu na kumpa moyo ni wajibu unaobaki. Idhini ya mtu asiyejua anaumwa nini ni idhini gani?

Baba mdogo alitukatia mzizi wa fitina mwenyewe. Siku ya tatu alimwita mwanawe mkubwa akamuuliza, "Mnanificha nini?" Akaelezwa. Akanyamaza kidogo, akauliza maswali mawili: mionzi itanisaidia nini, na India inagharimu kiasi gani. Akachagua mionzi, ili kichwa kitulie aweze kuswali. India akaikataa. Akataja watu wawili anaodaiwa fedha za mbegu na mmoja aliyegombana naye kwa mpaka wa shamba, wakaitwa. Akaandikisha wasia. Alipewa dawa ya maji ya mofini kwa maumivu, na walioidhania haramu wakaelimishwa kuwa ni tiba ya dharura. Aliishi miezi minne.

Mtu asinielewe kuwa kukataa India ndiyo uchamungu. Mwingine, mwenye uwezo na mwenye nafasi ya kufaidika, angeenda, na safari yake ingekuwa utiifu kwa amri ile ile ya kutafuta dawa. Yule mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (S.A.W.) alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Zingatia kuwa aliulizwa yeye, hawakuulizwa kaka zake.

Basi nini kifanyike? Kwanza, madaktari wetu waache kuzungumzia ukumbini. Waingie wodini, wakae karibu na mgonjwa, waseme kwa upole. Pili, maimamu wafundishe fiqhi ya maradhi kama wanavyofundisha fiqhi ya kuosha maiti; tunajua kumkafini mtu kuliko kumuuguza. Tatu, misikiti iwe na mfuko wa wagonjwa unaofanya kazi mapema, wakati alama ikiwa bado ni alama, maana nauli ya kwenda kupimwa ni ndogo mno kuliko tiketi ya India. Nne, kila mmoja wetu akikaa kutawadha, anapoosha miguu atazame na nyayo zake. Mara tano kwa siku Allah ametupa nafasi hiyo.

Na mgonjwa wako, kabla hujaitisha kikao juu yake, mkalishe umwambie, kisha umuulize anataka nini.

Wallahu a'alam.