Mchunga wa Mgonjwa ni Nani?



Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumekuwa tukisoma habari za amana. Tulipofika kwenye hadithi mashuhuri ya uchunga, ile ambayo Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokabidhiwa, mwenzetu mmoja aliinua mkono akasema: "Na mgonjwa aliyelazwa hospitali, mchunga wake ni nani?" Tukanyamaza, kwani sote tulijua linalomfanya aulize.

Mamake alikuwa amelazwa katika hospitali ambayo hatuitaji, wala haja yetu si kumshitaki mtu. Kila asubuhi madaktari walisimama mbele ya kitanda chake wakasemezana kwa Kiingereza, wakaandika katika faili, wakapita kwa mgonjwa wa pili. Yule mama, ambaye hajui ila Kiswahili chake na Kiarabu cha sala, alimuuliza mwanawe mara mbili, "Wataka kunipasua?" Mwanawe hakuwa na jawabu, kwa kuwa yeye alikuwa nje ya lango pamoja na bawabu saa zile madaktari wapitapo. Siku ya nne alikuja wakati wa alasiri na uji wake katika chupa, akakuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa. Muuguzi alimwambia kwa haya, "Tulidhani mumekwishaambiwa." Mama yule alikuwa amefariki tangu alfajiri. Hakuwako hata mtu mmoja wa damu yake wa kumkumbusha shahada.

Sisi hatumlaumu muuguzi yule. Alikuwa na wodi nzima mikononi mwake, na amri aliyopewa ni kufunga mlango hadi saa ya kutazama wagonjwa. Wala hatusemi kuwa wauguzi wote ni wakavu wa moyo, maana twawajua walio kinyume cha hayo: yuko aliyewahi kumvutia kiti mke wa mgonjwa usiku wa manane na kumwambia, "Kaa, mama, mshike mkono." Walakini wema kama ule ni wa mtu, si wa nyumba. Muuguzi huyo akihamishwa, kiti nacho huondoka. Lililokosekana ni amri ya mkubwa yenye kukifanya kile kiti kuwa haki ya kila mgonjwa, ili kisiwe bahati ya aliyelazwa zamu njema. Kwa hivyo suala la mwenzetu twalielekeza kwa wenye madaraka kwanza.

Tazameni mwendo wa Mtume (s.a.w.). Saad bin Muadh alipopigwa mshale wa mkono katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume aliamrisha apigiwe hema ndani ya msikiti ili apate kumzuru kwa karibu. Imepokewa kwamba alitiwa katika hema ya Rufaida, bibi aliyekuwa akiwatibu majeruhi, na kwamba Mtume akimpitia asubuhi na jioni na kumuuliza yeye mwenyewe Saad ameamkaje na ameshindaje, naye Saad akimueleza. Huyo alikuwa ni mkuu wa dola, na vita havijakwisha. Lau angetaka, angemtuma mtu amletee habari. Hakufanya hivyo. Aliileta tiba mahali penye macho yake, na habari za ugonjwa alizitaka kutoka kinywani mwa mgonjwa.

Na kabla ya hapo, katika vita vya Badr, mwaka wa 2, Uthman bin Affan hakutoka na jeshi kwa kuwa mkewe Ruqayya, bintiye Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume alimbakisha Madina amuuguze, kisha akamuhesabia thawabu na fungu la ngawira sawa na aliyehudhuria. Waislamu siku ile walikuwa wachache kupita kiasi, na kila mkono ulihitajiwa. Juu ya hayo, kiongozi aliona kwamba mume aliyekaa penye kitanda cha mkewe yumo kazini. Leo waajiri wetu wangapi, na tusiwasahau Waislamu wenye maduka na magari, humkata mshahara mtu aliyekwenda kumuuguza mzazi wake?

Pengine msimamizi wa hospitali atatujibu, "Jamaa za wagonjwa hawajui tiba, tukiwashauri wataharibu." Jawabu yake imo katika Sura Aali Imran, aya ya 159. Aya hiyo iliteremka baada ya Uhud. Kabla ya Uhud Mtume alikuwa na maoni ya kubaki mjini; akawashauri wenziwe, wengi wakataka kutoka, akawafuata, na yaliyowapata Waislamu siku ile mnayajua. Mtu angedhani kwamba baada ya msiba kama ule ataambiwa asishauri tena. Aliamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kuwashauri. Basi ikiwa yeye, aliyekuwa akiletewa wahyi, hakusamehewa kushauriana, ni daktari gani aliye juu ya jambo hilo? Nasi hatusemi kwamba mwana wa mgonjwa amfundishe daktari kazi yake. Twasema kuna elimu ambayo daktari hana: kwamba mama huyu hali kitu mpaka asali kwanza, kwamba mzee huyu dawa ile ilipata kumvimbisha uso mwaka juzi, kwamba bibi huyu haoni vizuri na hawezi kusoma karatasi aliyopewa.

Na hikima huchukuliwa popote ilipo. Huko Boston, Marekani, mwaka 1994, bibi mmoja aitwaye Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya katika gazeti la Boston Globe, alifariki katika hospitali ya saratani ya Dana-Farber baada ya kupewa dawa mara nne ya kipimo chake: kilichokusudiwa kugawanywa kwa siku nne alipewa kila siku. Kosa lile halikugunduliwa ila mwaka uliofuata. Hospitali hiyo ilikuwa na sifa kubwa, na madaktari wake ni wa kuhesabiwa duniani, kwa hivyo haikuweza kusemwa kwamba elimu ilipungua. Walioshika uongozi baada ya msiba ule hawakutosheka kumfukuza huyu na yule. Walitengeneza taratibu za dawa, wakawaita wagonjwa na jamaa zao wakae katika mabaraza na kamati za hospitali, washauriane nao katika mambo yanayowahusu. Mwaka 2008 jimbo lile la Massachusetts likaweka sheria kuwa kila hospitali iwe na baraza la wagonjwa na jamaa zao. Haya waliyafanya watu wasiosoma aya yetu ile, nasi tunayoisoma katika sala milango yetu imefungwa.

Wala Waislamu wa kale hawakuwa nyuma. Sultani Qalawun wa Misri, alipokuwa bado ni amiri, aliugua katika nchi ya Sham akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nuruddin iliyoko Damascus. Akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Mwaka 1284 akaitimiza Cairo, akaiwekea wakfu hospitali ya kutibu tajiri na maskini, mume na mke. Twaona siri yake ni kwamba aliyeijenga alikuwa amekwisha kulala kitandani. Lau kila mjumbe wa bodi ya hospitali angelala wodini usiku mmoja, tena bila ya kujulikana, twadhani mkutano wake wa pili ungekuwa na maneno mengine.

Hapa kwetu Kenya, tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za serikali zi mikononi mwa kaunti, yaani mikononi mwa watu tunaowapigia kura na tunaokutana nao katika maziko na karamu. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, tiba zilizopo, manufaa na hatari zake na gharama zake, na iwezekanapo, kwa lugha anayoifahamu. Kiswahili katika pwani hii hakihitaji mkalimani. Twawaomba wasimamizi waamrishe kwamba daktari apitapo wodini ageuze uso kwa mgonjwa na kusema naye, na kwamba jamaa mmoja aruhusiwe kuwapo wakati huo. Tena ajulikane kwa jina, katika kila zamu, aliye na wajibu wa kuwaita watu wa mgonjwa anapozidiwa, kabla roho haijatoka. Hayo hayahitaji jengo jipya wala mashine ya kuagizwa ng'ambo.

Sasa tugeuke kwetu, kwani mchunga si msimamizi wa hospitali peke yake. Mwenye nyumba naye ni mchunga, na wengi wetu twamdhulumu mgonjwa kuliko hospitali inavyomdhulumu. Mwanamke yu katika utungu, daktari asema lazima apasuliwe, naye mwenyewe, mtu mzima mwenye akili timamu, amekubali, kisha mashemeji wasema, "Ngojeni kwanza, mumewe yuko Dubai, hashiki simu." Ni sheria gani, ya Mungu au ya serikali, iliyowapa hao mwili wake?

Na wako wanaomvuta daktari ukumbini wakamwambia, "Usimwambie baba ugonjwa wake, atavunjika moyo." Huruma hii twaijua, na baadhi yetu tumeifanya. Lakini mzee yule ana madeni hayakuandikwa, ana amana ya watu, ana ndugu aliyenuniana naye miaka kumi, na wasia hajaandika kwa kuwa kila siku aambiwa ni homa tu na kesho atarudi nyumbani. Akifa, wana hugombana juu ya nyumba, na wadai huja matangani. Huyu tumemnyima saa ya kujitengenezea safari yake, tukaita hivyo ni mapenzi.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe, katika maradhi yake ya mwisho, alitiwa dawa kinywani na watu wa nyumba yake ilhali aliwaashiria wasimtie. Wao walisema kuwa ni kuchukia dawa tu kama wagonjwa wote wanavyochukia. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwakataza, kisha akaamrisha kila aliyekuwamo nyumbani anyweshwe dawa ile ile naye akitazama, ila Abbas, kwa kuwa hakuwapo. Walikuwa ni watu wampendao kuliko nafsi zao, na dawa waliitaka iwe ya kumponya. Wala hayo hayakuwa udhuru. Kwa hivyo tunapodai kwamba hospitali itufungulie mlango sisi jamaa, tusije tukaingia ili kusema mahali pa mgonjwa. Twaingia ili asikiwe yeye.

Darsa yetu imeafikiana kuwaandikia barua wasimamizi wa hospitali za mji huu na wakuu wa afya wa kaunti juu ya mambo hayo tuliyoyataja, na kuomba kiti kimoja cha wagonjwa na jamaa zao katika kila bodi. Kabla ya kuandika twataka kusikia kwa waliopatikana na mambo haya, wake kwa waume, na wauguzi pia, ambao twajua wana yao ya kueleza. Mama zetu watakaokuja wamewekewa upande wao. Tutakutana Alhamisi baada ya sala ya Isha, mahali petu pa kila siku, na barua itasomwa mbele ya watu wote kabla ya kutiwa sahihi.