Kuchagua kwa Fedha Kidogo

Mtu mwenye fedha nyingi aweza kukosea mara tatu akapata chema mara ya nne. Mwenye fedha kidogo hana mara ya pili. Kwa sababu hiyo nimeona siku zote kuwa ni dhuluma kusema, kama wasemavyo wengi, kwamba maskini hachagui bali hupokea. Ingekuwa kweli zaidi kusema kwamba yeye ndiye alazimikaye kuchagua, na tajiri ndiye awezaye kununua tu. Swali nitakalo kulitazama limo ndani ya jambo hilo: kitu chema ni kipi kwa mtu ambaye kosa lake moja litamgharimu mwezi mzima, na ni shahidi gani wa kuaminiwa katika kukitambua? Nitalitazama kwa kitu kidogo sana, kisichozidi korosho mbili kwa ukubwa wake. Kitu hicho ni visikilizi, vile vyombo vya sauti vitiwavyo ndani ya tundu la sikio, ambavyo madukani huitwa eafoni.

Huenda msomaji akauliza kama kitu duni namna hii chastahili kufikiriwa. Jibu langu ni sikio langu la kulia. Kwa miaka tisa nilipanda daladala asubuhi na jioni kati ya Mbagala na mjini, nikiwa na visikilizi vya bei ya chini kabisa, vilivyokaa katika masikio yangu kama mgeni akaavyo ukingoni mwa kiti. Injini iliunguruma, kondakta aliita abiria, upepo uliingia madirishani. Nami, ili niusikie wimbo, niliupandisha juu ya hayo yote. Hakuna aliyenidhulumu ila nafsi yangu. Leo, nyumba itulapo usiku, sikio hilo hulia peke yake, mlio mwembamba usiokoma, kama nyenje aliyepotea njia. Daktari alinieleza bila kuficha. Ndani ya sikio, katika kiungo kilichojikunja kama kombe la konokono, mna chembe hai zenye vinyweleo zipatazo 15,000 hivi, nazo ndizo zigeuzazo mtikisiko kuwa habari iendayo ubongoni. Kwa mwanadamu, iliyokufa haioti tena. Kwa ndege huota. Kuku aliye uani kwangu, kwa jambo hili, ana bahati kunipita mimi niliyemnunua.

Mwaka jana mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alinijia na shilingi 40,000 zilizokunjwa ndani ya daftari. Sikumwuliza alizipataje, mashavu yake yaliyokonda yalikwisha kunijibu habari za milo aliyoiruka. Alikuwa akikaa chumba kimoja na wenzake wawili, nao walilala mapema, na masomo yake yaliyorekodiwa aliyasikiliza usiku. "Shikamoo, mjomba," aliniambia. "Nisindikize Kariakoo. Wewe umevitumia sana vitu hivi." Neno lile "sana" lilinichoma, lakini nilivaa viatu.

Shahidi wa kwanza ajitokezaye mbele ya mnunuzi ni bei. Twajua toka utotoni kwamba rahisi ni ghali, na usemi huo si wa uongo. Lakini wengi huupindua kichwa chini miguu juu, wakadhani kwamba kwa kuwa kilicho rahisi huja kuwa ghali, basi kilicho ghali ni chema. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja, Jeroen Breebaart, alichapisha uchunguzi wa visikilizi 283: vya kufunika sikio, vya kukaa juu ya sikio, na vya kuingia ndani. Alilinganisha jinsi kila kimoja kitoavyo sauti, tangu nene mpaka nyembamba, na bei yake dukani. Hakuona uhusiano. Hii haina maana kwamba cha bei ya chini ni bora, wala kwamba visikilizi vyote ni sawa, vilitofautiana sana. Maana yake ni kwamba ukitaka kujua ni kipi chema, bei si wa kuulizwa. Bei hulipa mengi: sanduku, jina, matangazo, pengine waya imara na kazi nadhifu. Chini ya kiasi fulani waya hukatika kabla ya mwezi kuandama, na hapo usemi wa wazee husimama wima. Lakini juu ya kiasi hicho bei hunyamaza, na mwenye shilingi 40,000 hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya mwenye 400,000.

Shahidi wa pili ni mwongo zaidi, maana makao yake ni ndani yetu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wachunguzi wa maabara ya Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio halizisikii sauti zote kwa haki. Sauti ikiwa chini, besi hurudi nyuma kuliko sauti za katikati. Ikipandishwa, besi husogea mbele, na muziki wote huonekana umenona. Basi kati ya jozi mbili, ile iliyo juu kidogo tu ya mwenzake hushinda, wala mnunuzi hasemi, "Hii ina kelele zaidi." Husema, "Hii ni nzuri zaidi." Huu ni udanganyifu usio na mdanganyaji. Yule kijana muuzaji tuliyemkuta alipotupa jozi ya kwanza aliinua sauti ya simu, na alipotupa ya pili aliisahau chini. Sijui kama alikusudia, na kwa kweli haidhuru kitu. Hata malaika angekuwa nyuma ya meza ile, sikio lingempotosha mnunuzi vile vile.

Hapa ndipo nionapo kwamba kuchagua ni jambo la maadili na si la soko peke yake. Mtu asemaye, "Nimesikia kwa masikio yangu," hudhani amesema neno la mwisho la ukweli. Kumbe yampasa kwanza ayatilie shaka masikio hayo hayo, ayaweke katika hali ya usawa, ndipo ayaulize. Tulifanya hivyo. Tulimwomba muuzaji jozi tatu, naye alikuwa mvumilivu akatuachia. Kila tulipobadili jozi tulipandisha au tulishusha sauti mpaka maneno yasikike kwa kadiri moja. Kazi hii huchosha na hufanya watu wa foleni wagune, lakini bila hiyo ulinganifu wote ni upuuzi.

Mpwa wangu alitaka kupimia kwa wimbo mpya. Nilimwambia kwamba wimbo ule hatuujui: hatukuwamo chumbani ulipoimbwa, na waliourekodi waliweza kuutia besi kama mpishi atiavyo pilipili. Tupime kwa sauti ambayo hakuna awezaye kutudanganya juu yake. Katika simu yake mlikuwa na salamu za bibi yake, yaani mama yangu, alizomtumia kutoka Pangani akimwuliza kama amekula na kama chumba kinavuja. Tukaanza na jozi ya shilingi 35,000, iliyokuwa katika sanduku jeusi lenye nakshi ya dhahabu. Mama yangu alisema kutoka ndani ya pipa. Katika ile ya 8,000 alisema kutoka ndani ya debe. Katika ile ya 22,000, isiyokuwa na nakshi yoyote, herufi zake za "s" zilikwaruza kidogo, lakini alikuwa yeye, na kikohozi chake, na ule mvuto wa pumzi autoao kabla ya kuuliza jambo ambalo jibu lake alijua. Tulinyamaza kidogo. Kisha kijana akaniambia neno ambalo sikulitazamia.

"Mjomba, bibi hapigi besi. Mimi naipenda ile ya kwanza. Nataka ngoma inipige kifuani."

Mtu aliyezoea kutoa mashauri angelicheka. Mimi sikuweza, maana swali lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Je, upo wema wa sauti ulio nje ya mapenzi ya asikiaye? Kama haupo, nilikuwa na haki gani ya kumtoa katika kile akipendacho na kumwita katika kile nikipendacho, kwa fedha zake, baada ya njaa yake? Wapo waliouchunguza upendeleo huu. Mwaka 2014 Sean Olive na wenzake waliwasikilizisha watu zaidi ya 200 wa Kanada, Marekani, Ujerumani na China, wakaona kwamba, pamoja na tofauti za nchi, wengi wao walipenda sauti za namna moja, zenye usawa na besi iliyoinuliwa kwa kiasi. Vijana na wasio na mazoezi walitaka besi zaidi kidogo. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa mpotovu, alikuwa kijana. Wala mimi sikuwa mwenye hekima, nilikuwa nimezeeka. Sisi tuliolelewa karibu na ngoma tungekuwa wa mwisho kuihukumu besi.

Lakini nilipofikiri zaidi niliona kwamba utamu wa sauti ni jambo moja, na kile ambacho sauti hiyo hukufanya utende ni jambo lingine. Jozi ya pipa ilifunika maneno. Usiku, akisikiliza mhadhara, angetaka kuyatoa maneno chini ya besi, na njia iliyo karibu ni kupandisha sauti. Utamu ni haki yake, nami sina hukumu juu yake. Kupandishwa huko kulikwisha kunihukumu mimi.

Basi nilimwomba jambo moja, abadili raba za jozi ya tatu. Visikilizi vya kuingia ndani huja na raba za ukubwa mbalimbali, na watu wengi huziacha sandukuni kama vitu vya ziada. Si vya ziada. Besi haikai pasipokuwa na mzibo: raba ikiacha nafasi hata ndogo, sauti nene huvuja, na chombo kizuri huonekana duni. Masikio ya mtu mmoja nayo huweza yasilingane. La kushoto la mpwa wangu lilitaka raba kubwa, la kulia ya katikati. Alipoziba vema alifumbua macho, akacheka. Ngoma ilikuwa imefika. Kumbe tulikuwa tumebishana juu ya falsafa ya uzuri, na sehemu kubwa ya ugomvi wetu ilikuwa kipande cha raba.

Tena raba hiyo ina thamani nyingine ambayo laiti ningeijua zamani. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, lilitoa mwaka 2019 kipimo cha usikilizaji wa salama kwa mtu mzima: desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 89 ni saa 5. Hesabu hiyo huenda pande zote mbili. Mtu ambaye kelele za nje zimezibwa naye akaweza kushusha wimbo wake kwa desibeli 15, amezidisha muda wake wa salama mara 32. Hakuna sanduku la dhahabu liwezalo kumpa faida hiyo. Kisikilizi chema, kwa mtu wa kipato changu na cha mpwa wangu, ni kile kimwachiacho asikie vema kwa sauti ndogo.

Habari za waya nitazipita upesi. Visivyo na waya ni vizuri na vinapendwa, lakini betri zao ndogo huchoka baada ya miaka michache, na fundi wa kuzibadili ni adimu. Waya ukikatika, fundi wa mtaani huweza kuuchomea risasi kwa bei ndogo. Simu ya kijana ilikuwa bado na tundu. Tukachukua vyenye waya.

Lipo jambo lililonibakia, nami sikulipatia ufumbuzi. Kile kizibacho kelele huziba na watu. Mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman ya kwanza, Akio Morita aliona si adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Chombo kile kikatiwa matundu mawili, ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha kushusha muziki ili waweze kuzungumza. Kitufe kile hakikudumu katika vyombo vilivyofuata. Katika chumba cha mpwa wangu, visikilizi ni adabu kwa wenzake waliolala. Ndani ya daladala, vitu hivyo hivyo humfanya asimsikie mama mzee aombaye kupita, wala barabarani asisikie honi ya bodaboda. Nilimweleza hayo, akaitikia, "Ndiyo, mjomba," kwa sauti ya mtu ambaye fikira zake zi mfukoni mwake pamoja na kifurushi kipya.

Muuzaji alikubali shilingi 20,000. Kwa sehemu ya zilizobaki kijana alitununulia wali na maharage, nami sikumkatalia, maana nilitaka nimwone akila. Wakati wa kurudi alitia kisikilizi kimoja katika sikio la kushoto, na la kulia akaliacha wazi. Injini ilipozimwa kituoni alisoma kipimo cha sauti katika simu yake, akaniambia kwamba hapo ndipo atakapokuwa akikiacha, hata gari liungurume namna gani. Alikuwa ameketi upande wangu wa kulia, na mara mbili nilimwomba arudie alilosema.