Pochi Hupelekwa Polisi, Maumivu Je?



Katika mitaa ya Japani kuna vituo vidogo vya polisi viitwavyo koban. Vilianza Tokyo mwaka 1874, na kingine ni chumba kimoja tu. Mtoto akiokota sarafu njiani huipeleka hapo, na askari huiandika daftarini bila kucheka. Sheria humpa mwokotaji zawadi, kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani. Baada ya tsunami ya Machi 2011, maelfu ya makasha ya fedha yaliyookotwa kwenye vifusi yalifikishwa kwa polisi.

Basi, mtu atasema, watu hawa hawawafichi polisi kitu. Sivyo. Mwanamke aliyepapaswa ndani ya treni iliyojaa mara nyingi hushuka kimya akaenda zake kazini. Katika uchunguzi wa Wizara ya Sheria wa mwaka 2019, kati ya watu 100 waliotendewa maovu ya namna hiyo, ni kama 14 tu waliotoa taarifa.

Je, anayenyamaza amekosa? Mimi siwezi kumhukumu. Hadi mwaka 2017 sheria ya huko ilisema kesi ya kubaka haifunguliwi mpaka aliyetendewa alalamike mwenyewe. Nia ilikuwa kumlinda heshima. Lakini mzigo wote ukawa wake: wakili wa mshtakiwa aliweza kumwendea na fedha na maneno ya kuomba radhi, ili aondoe malalamiko. Akikataa, yeye ndiye mgumu wa moyo! Nani asingechoka?

Swali ningelipeleka kwa abiria wengine. Aliyeokota pochi hana aibu yoyote ya kuogopa, ndiyo maana huenda koban kwa miguu miepesi. Na aliyeona mkono ule ndani ya treni naye hana aibu; hakutenda wala hakutendewa. Mbona huyu hatoi neno? Atajibu kwamba hakutaka kuwasumbua watu, na kweli huko kuwasumbua wenzako ni kosa kubwa la adabu. Lakini adabu hiyo imemhifadhi nani?

Reli zimeweka mabehewa ya wanawake peke yao. Polisi wa Tokyo nao wana programu ya simu yenye maandishi ya kuomba msaada, ambayo mwanamke asiyeweza kupaza sauti huyaonyesha. Hayaonyeshi kwa askari, maana ndani ya behewa askari hayupo. Humwonyesha abiria aliyesimama karibu naye.