Deni la Macho

Je, mtu akimtazama mwenzake sokoni, akaenda nyumbani kumchora bila kumwambia, amechukua kitu? Swali hili linaonekana la mchezo. Ukimwuliza mwanasheria atacheka, na ukimwuliza mchuuzi wa Kariakoo atakujibu upesi kuliko mwanasheria, ila jibu lake litategemea kama wewe ndiye uliyeshika kalamu au yeye ndiye aliyechorwa. Mimi nimekaa nalo tangu mwaka 1994, nilipokuwa mwanafunzi wa sanaa za uchoraji katika mwaka wa mwisho, nikiishi kwa shangazi yangu karibu na Mtaa wa Sikukuu.

Mwaka wa mwisho kwa mwanafunzi wa sanaa hauishii kwenye karatasi za mtihani. Lazima uonyeshe kazi zako hadharani, wageni waalikwe, na wakaguzi wapite mbele ya picha zako wakiandika katika madaftari yao huku wewe umesimama pembeni kama mshitakiwa. Zilibaki wiki tano. Wenzangu walikwisha kuanza kutafuta misumari ya kutundikia. Mimi nilikuwa na fremu tatu nilizoziwamba kitambaa cha amerikani, na zote tatu nilikuwa nimezipaka rangi nyeupe kufunika nilichokwisha kuharibu. Mwalimu wangu mmoja, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alizitazama kazi zangu za miaka miwili akasema, "Kijana, wewe unachora vitabu." Sikulala usiku ule.

Alisema kweli. Tulikuwa tumesoma juu ya wachoraji wa Paris kuliko tulivyosoma juu ya watu waliotutangulia hapa nchini. Jina la Sam Ntiro tulilijua kama jina la mtu mkubwa, mchoraji wa Machame aliyesoma Makerere na London, akawa Balozi wetu Uingereza. Lakini sikuwa nimejiuliza kwa nini picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilifika hadi katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Hakuichora New York ile. Alichora migomba ya kwao. Na Edward Saidi Tingatinga, tuseme kweli, sisi wanachuo tulikuwa tukimbeza. Mtu wa kutoka kusini, upande wa Tunduru, asiyepitia chuo chochote cha sanaa, aliyeanza karibu mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya madukani, na kuziuza kwa wageni kule Oysterbay. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne hivi ya kazi. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, wakaunda ushirika wao mwaka 1990, na hadi leo maelfu ya picha huuzwa kwa jina lake. Sisi tuliokuwa na vyeti hatukuwa na hata kuku mmoja ambaye mtu angemtambua kuwa ametoka mkononi mwetu.

Shangazi aliniona nimejiinamia. Yeye alikuwa akichoma vitumbua barazani alfajiri na kuvipeleka sokoni kabla jua halijawa kali. "Baba," akaniambia (huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la babu), "kama huna la kufanya nibebee beseni."

Nikabeba beseni. Ndivyo nilivyoingia Kariakoo kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeishi hapo miaka mitatu. Nilikuwa nimepita tu. Safari hii nilisimama chini ya paa lile la zege, ile miavuli mikubwa iliyopinduliwa ya msanifu wetu Beda Amuli, soko lililofunguliwa mwaka 1975, nikaona mwanga ukishuka kati ya nguzo na kuangukia nyanya. Nilishuka shimoni kwenye magunia ya viazi. Nilisikia mwanamke akimsuta mwenzake bila kufungua mdomo, kwa maneno ya khanga aliyojifunga tu. Washairi wa zamani wana neno zuri, ilhamu, kitu kinachomshukia mtu. Mimi hakikunishukia. Kilinigonga ubavuni, kwani nilisimama njiani na mkokoteni ukapita. "We kijana! Unaota?"

Aliyeusukuma alikuwa mzee wa Kirufiji, watu wakimwita Babu. Siku ya tatu, saa saba mchana, nilimwona amelala juu ya mkokoteni wake mtupu kando ya Mtaa wa Mkunguni. Kinywa wazi, mkono mmoja umening'inia karibu na gurudumu, miguu imetoka nje ya katambuga, nyayo zake zimepasuka kama udongo wa bonde wakati wa kiangazi. Nilitoa daftari. Sikufikiri. Kwa robo saa nzima mkono wangu ulikwenda wenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijua kwamba ninachokichora ni kweli. Alipogeuka nikafunga daftari nikaondoka haraka. Angalia jambo hilo, msomaji: niliondoka haraka. Kama sikuwa nimechukua kitu, kwa nini nikimbie?

Nilifanya kazi wiki nne bila kulala vizuri. Nilijitafutia na hoja ya kunituliza. Jina la Kariakoo, kama wengi wajuavyo, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi mahali pale. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita hiyo, kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Mjini tuna Mnara wa Askari, sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Wapagazi wanatajwa katika maandishi yaliyo chini yake, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Basi nikajiambia: mimi ninamjengea mpagazi sanamu yake. Ni hoja nzuri. Niliiandika katika maelezo ya picha, na wakaguzi waliipenda.

Picha ilisifiwa kuliko zote. Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliinunua siku ya pili, kwa fedha ambazo shangazi asingezipata kwa vitumbua vya mwaka mzima. Shangazi mwenyewe alikuja siku ya kufunga maonyesho, amevaa vizuri. Akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu. Nilingojea sifa.

"Huyu si Babu wa mkokoteni?"

"Ndiye, shangazi."

"Anajua?"

Nilimweleza mambo ya sanaa, ya wapagazi, ya mnara. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa, kisha akauliza tena, "Anajua?"

Ilinichukua siku nne kupata ujasiri. Nilimkuta Babu akinywa chai ya rangi kwa mama lishe. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha ule mchoro wa kwanza katika daftari, na nikaweka mbele yake bahasha yenye nusu ya fedha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: kwamba atakasirika kwa sababu ya fedha, au kwamba atakataa fedha kwa heshima na kunibariki, kama wazee wa hadithini. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alihesabu fedha mbele yangu, noti kwa noti, akazifutika kiunoni. Halafu akalitazama daftari.

"Umenichora nimelala."

"Ndiyo, Babu."

"Nimesukuma mkokoteni huu tangu soko hili halijajengwa. Kila siku. Siku moja nimepata homa, nimejilaza kidogo. Na hiyo ndiyo uliyoipeleka Ulaya."

Nikamweleza tena habari ya wapagazi na Mnara wa Askari. Nilifikiri jambo hilo litamgusa. Alifikiri kidogo akasema, "Yule askari mbona amesimama?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu zuri. Naweza kusema, na nimesema mara nyingi katika mabishano na wachoraji wenzangu, kwamba usingizi wake ulikuwa na ukweli ambao kusimama kwake kusingekuwa nao. Mtu aliyesimama kwa ajili ya kuchorwa anakupa kile anachotaka uamini. Mtu aliyelala hakupi chochote, unamwona alivyo. Naweza pia kusema kwamba barabara ni ya wote, na macho hayana kodi. Hoja hizi mbili ninaziamini. Lakini Babu hakubishana nami juu ya ukweli wa picha. Alijua kuwa ni kweli. Alichosema ni kwamba katika kweli zote za maisha yake nilichagua ile ambayo yeye asingeichagua, nikaichagua wakati hana fahamu ya kunikatalia, na sasa iko mahali ambapo hawezi kuifuata na kuisahihisha. Huko ilikotundikwa, yeye ni mtu aliyelala.

Wengine huniambia Ntiro naye aliwachora watu bila ruhusa. Inawezekana. Lakini watu wake ni wadogo, nyuso zao si za kutambulika. Ni kijiji kizima kinachotembea, na kijiji ni chake pia. Tingatinga alichora chui na ndege, nao hawaji kukudai. Anayechora uso wa mtu mmoja anayejulikana kwa jina na kwa mama lishe wake ameingia katika hesabu nyingine.

Babu akadai deni lake: nimchore tena, anasukuma. Nilikubali kwa furaha. Alikuja na shati safi, mkokoteni ameupakia magunia matupu aliyoyajaza pumba yaonekane mazito, akasimama asubuhi nzima uani kwa shangazi, kifua mbele, akitazama mbali. Nilijitahidi kuliko nilivyojitahidi kwa ile ya kwanza. Nasema hivi kwa aibu ya mchoraji: picha ilikuwa mbaya. Ilikuwa ngumu kama bango la sherehe za Mei Mosi. Mkono ulionienda wenyewe kule Mtaa wa Mkunguni ulikuwa sasa unangojea amri. Nilirekebisha siku tatu, ikazidi kuharibika.

Yeye aliipenda mno. Aliita wenzake waione. Aliitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu, akauliza kama rangi itastahimili mvua.

Hapo ndipo swali langu lilipo, na ndiyo maana silimalizi. Ingekuwa rahisi kama picha ya wizi ingekuwa mbaya na picha ya haki ingekuwa nzuri. Ningewafundisha vijana jambo hilo na kulala usingizi. Ilikuwa kinyume. Ile niliyoichukua ndiyo iliyonifanya mchoraji. Cheti changu, kazi zilizofuata, hata mkate wa watoto wangu, vyote vimeanzia katika ile robo saa. Ile niliyoitoa haijamfaa mtu yeyote isipokuwa yeye. Nikiulizwa ni ipi ningeichoma moto, moyo wa mchoraji unajibu kabla ya moyo wa mtu.

Nafundisha siku hizi. Vijana wangu hawabebi madaftari. Wanapita Mtaa wa Kongo na simu mkononi, na kwa siku moja hurudi na nyuso mia mbili. Mwaka jana msichana mmoja alileta picha ya mwanamke muuza mbogamboga akilia, kazi ambayo ilininyamazisha darasani. Nikamwuliza, "Anajua?" Akasema hapana, halafu, kwa heshima lakini bila kuyashusha macho, "Mwalimu, ningemwuliza angeacha kulia." Nilimpa alama anazostahili, ambazo ni za juu. Nikamwambia arudi sokoni amtafute. Sijui kama alikwenda.

Soko lenyewe liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Nilikwenda kesho yake kusimama nje ya kamba na watu wengine, kuutazama moshi. Babu hakuwepo wakati huo. Aliacha kazi mwaka 1997, akapanda basi la Rufiji na picha yake ameikunja ndani ya mkeka, uso wa picha kwa ndani, kama nilivyomwelekeza. Nilimsindikiza hadi kituoni. Aliiweka mapajani, akakataa isipandishwe juu pamoja na mizigo ya watu.