Akiba ya Msafiri

Fundi ajuaye thamani ya zana zake hazichukui safarini kwa kubahatisha. Seremala huzifunga patasi zake kwa kitambaa. Mvuvi hukagua nyavu kabla ya kukisukuma chombo majini. Mhariri wa filamu aitwaye kufanya kazi katika mji wa mbali ana zana isiyoshikika kwa mkono: programu ya kuhariri iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, leseni yake, na pamoja nayo picha zilizopigwa na watu wengine. Yote hayo hukaa ndani ya kompyuta moja, ambayo mwizi huweza kuichukua kwapani. Je, kuweka nakala kabla ya safari ni hiari ya mwenye mali, au ni wajibu?

Wako wasemao kuwa ni hiari. Mali ni yake, na ikipotea, hasara ni yake. Hoja hii ingekuwa ya kweli kama mhariri angekuwa amebeba mali yake peke yake. Lakini filamu ni jasho la wengi. Aliyesimama juani na kamera, aliyelia mbele yake, na aliyetoa fedha, wote wameweka amana mikononi mwa mtu mmoja. Programu hununuliwa tena. Machozi ya siku ile hayanunuliwi. Achezaye bahati nasibu kwa fedha zake huitwa mpumbavu. Achezaye kwa amana ya wenziwe hastahili jina jepesi kama hilo.

Hata hivyo, nia njema peke yake haitoshi. Desemba 1922, Ernest Hemingway alikuwa Lausanne, Uswisi, kwa kazi ya uandishi wa habari. Mkewe, Hadley, alipokuwa akimfuata kutoka Paris, alimchukulia maandiko yake. Kwa mapenzi akatia sandukuni maandiko ya asili na nakala zake pia. Sanduku likaibwa katika stesheni ya Gare de Lyon, na karibu kazi yote ya mwandishi yule kijana ikatoweka. Nakala zilikuwapo, lakini zilisafiri pamoja na asili yake. Vitu viwili katika mfuko mmoja ni kitu kimoja mbele ya mwizi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika mambo ya kompyuta, akiba huoza, tena huoza kimya. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, amri ya kufuta iliyotolewa kwa makosa iliangamiza sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Wenye kazi walipoikimbilia akiba yao, wakakuta kuwa mtambo wa kuhifadhi ulikuwa umeharibika bila ya mtu kujua. Waliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa kazi ile, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Tangu hapo haifai kuuliza tu kama nakala ipo. Sharti kuulizwa pia ni lini ilifunguliwa mara ya mwisho. Na mwenye nakala ya programu asiye na namba ya leseni yake ana mlango bila ya ufunguo.

Pengine itasemwa kuwa tahadhari nyingi ni dalili ya hofu, na mwenye hofu hafiki mbali. Sivyo. Mwenye hofu ni yule aketiye safarini akiukumbatia mkoba wake, asilale wala asitazame nchi aipitayo, kwa kuwa roho yake yote imo humo. Aliyeacha nakala moja nyumbani, akatia nyingine katika mzigo mbali na kompyuta, na akazijaribu zote mbili kabla ya kuondoka, husafiri mwepesi. Akiibiwa, atahuzunika kwa chombo, lakini hatainamisha kichwa mbele ya waliomwamini.

Basi kuweka nakala si kumdhania mwizi wala kuitilia shaka bahati. Ni kukiri kuwa mkono wa binadamu ni dhaifu, na kuwa udhaifu wake haumpi ruhusa ya kupoteza cha mwenziwe. Saa moja ya kazi hiyo jioni ya kuamkia safari huchosha. Lakini ndiyo saa ambayo uaminifu hulipwa kabla haujadaiwa.