Kungoja Jibu la Chuo

Wako vijana wetu wenye shahada ya kwanza ya sheria ambao wanangoja majibu ya kwenda kusoma shahada ya pili ng'ambo. Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, huchukua watu kama 180 tu kwa mwaka katika masomo hayo, kutoka duniani kote. Fomu hupelekwa kabla ya Krismasi. Majibu huja yapata mwezi wa Machi. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini hapa wengi watavumilia wala wasile.

Basi twajiuliza: tunapomwombea mtoto wetu apate nafasi, je, hatuombi mwingine akose? Nafasi haziongezeki kwa ajili ya sala zetu, na huyo mwingine naye ana mama anayepiga magoti.

Kutamani si kosa. Lakini vijana hawa wanataka kuwa watu wa sheria, nao wajua kwamba mdai mwema hutaka hakimu wa haki, si hakimu wa kumpendelea. Ikiwa leo, katika shauri lao wenyewe, hawawezi kutaka hivyo, kesho tutawakabidhije mashauri yetu?

Kwa hiyo na tuombe fomu zote zisomwe kwa haki, ya mtoto wetu na ya yule tusiyemjua. Jibu likiwa la kukataliwa, tusitafute wa kumlaumu. Likiwa la kukubaliwa, tushukuru, tukimkumbuka pia aliyeachwa, ambaye huenda alistahili vilevile.